Jinsi ya Kumwonyesha Mtoto Mdogo Mzunguko wa Maji kwa Vitu vya Nyumbani

Kila mwaka masika yanapokaribia, wazazi na walimu wapya wa madarasa ya awali hapa Mtwara huniuliza maswali yale yale: mtoto wa miaka mitano au sita aelezweje mvua inakotoka, tuanzie wapi, na je, ni lazima ajue majina ya kitaalamu? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao nimeutumia na watoto wa miaka mitano hadi minane, ili anayetaka kuanza kesho asubuhi aanze bila gharama ya maana.

Nitaje mapema jambo moja ambalo hatua zote zimejengwa juu yake: usichore duara lenye mishale kabla mtoto hajaona kwa macho yake maji yakiondoka na kurudi. Mimi nilianza na mchoro. Nilichora bahari, jua, wingu na mlima ubaoni, nikaviunganisha kwa mishale ya chaki ya rangi, na darasa zima likarudia majina baada yangu. Wakati wa mapumziko niliwakuta watoto watatu uwanjani wamekodolea macho angani, nami nilipowauliza wanatazama nini, wakasema wanaitafuta mishale. Mlima wenyewe niliuwekea theluji kileleni kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa katika picha niliyoinakili, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona theluji.

Mahitaji

- Sufuria ndogo yenye mfuniko wa bati, na jiko la aina yoyote.
- Sahani mbili bapa, ikiwezekana za rangi iliyokoza, ili chumvi ionekane.
- Nusu lita ya maji ya bahari. Aliye mbali na pwani, kwa mfano Masasi, Nachingwea au Newala, akoroge vijiko vitatu vya chai vya chumvi katika nusu lita ya maji. Atakaribia sana maji ya bahari, ambayo huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita.
- Chupa nne za plastiki za lita moja na nusu zinazoonyesha ndani, na angalau tatu ziwe na vifuniko vyake.
- Glasi, barafu kidogo, na juisi nyekundu ya rozela au maji yaliyotiwa rangi ya chakula.
- Kipande cha mkaa au chaki, rula, uzi, na kanga mbili.
- Mchanga kikombe kimoja na udongo wa mfinyanzi kikombe kimoja.

Miongozo mingine hutaka mfuko wa plastiki ufungwe kwenye tawi la mti ili mvuke wa majani uonekane. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli huihitaji, kwani chupa iliyofungwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Tenga siku kumi hivi, dakika 15 hadi 20 kila siku, wala usijaribu kuyamaliza yote katika kipindi kimoja. Wakati mzuri kuliko wote ni Septemba na Oktoba, kwa sababu jua huwa kali, mvua bado haijaanza, na kwetu kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, mtoto atakuwa amekwisha jiandaa kuitazama mvua ya kwanza kwa macho mapya.

Tahadhari kabla ya kuanza

Mvuke wa sufuria huunguza vibaya kuliko watu wanavyodhani. Chora mstari chini kwa chaki, hatua tatu kutoka jikoni, na mtoto asiuvuke mpaka wewe umwite. Maji ya bahari yachotwe na mtu mzima. Maji yoyote yaliyotuama nje yamwagwe kila siku au yafunikwe, kwa sababu mbu wanaweza kukua humo kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi, nasi tunafundisha mvua, hatufugi malaria.

Hatua ya 1: Zungushia kidimbwi mstari

Asubuhi, mwaga kata moja ya maji kwenye sakafu ya saruji iliyo juani. Mpe mtoto kipande cha mkaa azungushie ukingo wa maji hayo. Rudini baada ya nusu saa, azungushie tena ukingo mpya, kisha tena, mpaka sakafu ibaki na mistari kadhaa, mmoja ndani ya mwingine, na katikati pawe pakavu. Muulize, "Maji yamekwenda wapi?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda watu wazima wengi. Mtoto mmoja aliniambia kwamba jua limeyanywa, na mwenzake akataka kujua iwapo mvua basi ndiyo mkojo wa jua. Darasa lilicheka sana, lakini wazo lile lilikuwa karibu na ukweli kuliko wimbo wa majina niliowaimbisha awali, maana watoto hao wawili walikwisha tambua kwamba yaliyoondoka lazima yafike mahali fulani na kwamba huenda yakarudi.

Kosa la kuepuka: usimwage maji kwenye mchanga au udongo. Yatazama, na mtoto atachanganya kuzama na kupaa. Mambo ya kuzama yana hatua yake huko mbele.

Hatua ya 2: Acha chumvi itoe ushahidi

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na mtu wa mwambao ana bahati nayo. Mimina maji ya bahari kwenye sahani moja na maji ya bomba kwenye nyingine, kina kisizidi nusu ya kidole cha mtoto. Ziweke juani, mahali penye upepo, na kuku wasipafikie. Sahani zangu za kwanza niliziweka chini ya mkorosho, na kufika saa nne kuku wa jirani walikuwa wamekwisha zipindua.

Kwa siku mbili hadi nne, mtoto azitazame kila asubuhi na jioni. Katika sahani ya maji ya bahari, weupe huanzia pembeni kama uzi mwembamba uliozunguka ukingo, kisha hutokea chembe ndogondogo, na ukimpa mtoto nafasi ya kuinamia sahani huku jua likiwa nyuma yake, ataona kwamba chembe hizo zina pembe nne, kama vijisanduku vilivyobanana. Sahani ya pili hubaki tupu, au huacha ukungu mdogo wa vumbi.

Sasa mwambie maneno machache tu: maji yamepanda, chumvi imebaki. Hivyo ndivyo mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa yanavyofanya kazi: maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa yenye kina kifupi, jua na upepo huyaondoa maji, na watu hukwangua kilichobaki. Ukiweza kumpeleka mtoto akayaone, mpeleke, kwani safari hiyo itamfaa kuliko mwongozo huu wote.

Hapa pia ndipo linapojibiwa swali ambalo watoto wa pwani huliuliza bila kukosa: ikiwa mvua inatoka baharini, mbona haina chumvi? Usimjibu. Mwonyeshe sahani.

Asiionje chumvi hiyo, hasa ikiwa maji yamechotwa karibu na mji.

Hatua ya 3: Mfuniko wa sufuria

Chemsha maji vikombe viwili. Yakianza kuchemka, funika kwa dakika mbili, kisha uinue mfuniko wewe mwenyewe, uelekeze mvuke mbali na watoto, uukung'ute juu ya sufuria na kuusogeza pembeni ili upoe. Mfuniko ukishapoa, mtoto apitishe kidole upande wa ndani. Mwache ahesabu matone, ayaunganishe mawili yawe moja, aone jinsi tone linavyokuwa zito mpaka linashindwa kujishikilia na kuteremka. Hiyo ndiyo mvua yake ya kwanza.

Ili matone yawe mengi, weka vipande vya barafu juu ya mfuniko. Hapo utaweza kusema kile ambacho hatua hii imekusudiwa kukisema: mvuke ukikutana na baridi hurudi kuwa maji.

Hatua ya 4: Glasi inayotoka jasho

Jaza glasi juisi nyekundu ya rozela yenye barafu, uikaushe vizuri kwa nje, uiweke mezani. Hewa ya mwambao ina unyevu mwingi, kwa hiyo baada ya dakika chache glasi italowa. Watoto karibu wote watasema glasi inavuja. Mpe mtoto kitambaa cheupe aifute kwa nje: kitambaa kitalowa lakini hakitakuwa chekundu. Muulize maji hayo meupe yametoka wapi, ikiwa ndani ni mekundu. Wapo wanaogundua papo hapo kwamba yametoka hewani, na wapo wanaohitaji kurudia mara tatu. Kurudia si hasara, ilimradi juisi ipo.

Hatua ya 5: Dunia ndani ya chupa

Weka udongo wenye unyevunyevu ndani ya chupa, kimo cha vidole vitatu, uongeze vijiko vinne vya maji, uikaze kwa kifuniko na kuilaza juani. Baada ya nusu saa hivi, upande wa juu wa chupa utaingia ukungu, ukungu utageuka matone, na matone yatateremka kwenye udongo. Usiku ukungu huo hupungua au hutulia, na asubuhi jua likiipiga chupa mambo huanza upya.

Iache kwa wiki nzima bila kuifungua. Kila siku mtoto akuambie iwapo kuna mtu aliyeongeza maji, naye atajibu hapana, na hata hivyo kila siku mvua inanyesha mle ndani. Nimeona hatua hii ikifanya kazi hata kwa mtoto asiyependa kusema, ambaye alikaa nayo mapajani kipindi kizima akiigeuzageuza kufuata jua.

Hatua ya 6: Tokeni nje mkatazame mawingu

Msitazame jua lenyewe. Tafuteni wingu moja, mlifuate kwa dakika kumi, mseme linakwenda upande gani na linabadilika vipi. Mwambie mtoto kwamba wingu ni matone madogo mno ya maji, madogo kiasi kwamba hewa inayopanda huyazuia yasianguke, na kwamba tone moja la mvua hutokana na matone kama hayo yapatayo milioni moja yaliyoungana. Mtoto hatauelewa ukubwa wa milioni, lakini ataelewa "mengi kuliko chembe za mchanga kwenye kiganja chako", naye alikwisha yaona matone yakiungana kwenye mfuniko.

Mtoto wa Newala ana njia fupi zaidi. Asubuhi ukungu unapopanda kutoka bonde la Ruvuma na kufunika ukingo wa Shimo la Mungu, lile genge kubwa la Newala, mpitishe humo, kisha aguse nywele zake zilizolowa. Ametembea ndani ya wingu. Wa Mtwara mjini au Lindi atatosheka na umande kwenye majani.

Kuhusu upepo, litoshe neno moja: maji yaliyopaa mahali pamoja si lazima yanyeshe hapo hapo, kwa sababu upepo huyabeba. Watoto wa wavuvi huwa wamekwisha sikia habari za kusi na kaskazi nyumbani. Waulize wao wakueleze.

Hatua ya 7: Maji yanayozama

Kata chupa mbili katikati, toboa vifuniko vyao kwa msumari wa moto (kazi ya mtu mzima), uzigeuze ziwe kama faneli, uweke kitambaa kidogo kwenye shingo, kisha mchanga katika moja na mfinyanzi katika nyingine. Mimina kikombe cha maji katika kila moja. Mchanga utayapitisha upesi. Mfinyanzi utayashikilia juu.

Kwa watoto wa uwanda wa Makonde hiki si kichezeo tu. Udongo wa kule juu hupitisha maji kama mchanga wa chupa yao, maji huzama mbali sana, na chemchemi hutokea huko chini mabondeni. Ndiyo maana mabibi zao walikuwa wakiteremka genge na kupanda tena na mtungi kichwani, na ndiyo maana hadi leo maji ya chanzo cha Mitema yanasukumwa kwa pampu kupelekwa Newala na Tandahimba. Mtoto akiwa na bibi aliyeyapitia hayo, mwiteni aje aeleze mwenyewe, na mwalimu akae pembeni.

Hatua ya 8: Mchezo wa kanga

Tandaza kanga moja chini iwe bahari, na nyingine ishikwe juu na watu wazima wawili iwe wingu. Watoto ni matone. Mmoja anayeshika sufuria ni jua: akimgusa mtoto, huyo hupanda polepole akipunga mikono hadi chini ya wingu. Wakifika watano wanashikana mikono, wanakuwa wazito, wanaanguka. Wengine wanaangukia baharini, wengine kwenye "shamba la korosho" ambako lazima wasubiri kabla ya kurudi, na mmoja anaingia kisimani na kuchotwa. Usilazimishe wote kufuata njia moja. Mzunguko halisi hauna zamu.

Hatua ya 9: Sasa chora

Mpe mtoto karatasi, achore yeye. Atachora sahani, sufuria, chupa na kuku, na ni sawa. Baada ya kuchora, mwambie kwamba safari hiyo nzima inaitwa mzunguko wa maji, na kule kupaa kunaitwa mvukizo. Majina haya mawili yanatosha hadi darasa la tatu au la nne.

Hatua ya 10: Kipima mvua

Kata chupa ya mwisho chini kidogo ya mabega, geuza kipande cha juu kiwe faneli ndani ya kile cha chini, jaza kokoto na maji hadi juu ya mikunjo ya kitako, ufunge uzi kwenye kimo hicho uwe sifuri. Ifukie kidogo ardhini mahali palipo wazi, mbali na mapaa na miti. Kila asubuhi wakati wa mvua mtoto apime kwa rula kutoka kwenye uzi, aandike, kisha apunguze maji hadi sifuri na kuifunika hadi mvua ijayo.

Kwa mkubwa kidogo, mwonyeshe kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bati la mita 10 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 200, yaani ndoo 10 za lita 20, ikiwa mfereji wa paa hauvuji.

Mambo yakienda kombo

*Sahani ya chumvi haikauki.* Umemimina maji mengi au mmefikia miezi ya mvua. Punguza kina, au iingize ndani usiku, kwani umande huirudisha nyuma.

*Chupa imejaa ukungu kote na hakuna tone linaloteremka.* Maji ni mengi mno au jua limeipiga pande zote. Kiweke kipande cha nguo yenye maji baridi upande mmoja, na matone yatakusanyika hapo.

*Mtoto anasema mawingu ni moshi.* Ni kosa la kawaida, hasa katika nyumba zinazopikia kuni. Inueni mfuniko wa sufuria juu ya mkaa usiotoa moshi, aone weupe bila moshi.

*Mtoto anasema mvua hunyesha mawingu yakigongana.* Huenda amelisikia kwa mtu mzima. Mrudishe kwenye mfuniko: hakuna kilichogongwa, matone yaliungana yakawa mazito.

*Mtoto anasema Mungu ndiye anayeleta mvua.* Usibishane naye, wala usimdharau aliyemfundisha chuoni au kanisani. Mimi hujibu kwamba sisi tunaitazama njia ambayo maji hupitia, na tunaendelea na kazi. Sijawahi kupata mzazi aliyelalamika.

*Mtoto anauliza kama maji anayokunywa yaliwahi kuwa mkojo wa mtu.* Mjibu kweli: huenda ndiyo, na yalipopaa yaliuacha uchafu nyuma, kama yalivyoiacha chumvi kwenye sahani. Jiandae kwa kelele.